Risasi za shotigani nilizouziwa Mwanza, na ushauri ulionichefua zaidi

Duka silitaji. Liko Mwanza mjini, na kwa miaka mingi kila mwenye leseni aliyeniuliza nilimwelekeza hapo. Kwa hiyo mwezi uliopita, au ule wa kabla yake, nilichukua boksi la risasi 25 za shotigani bila hata kulikagua, nikavuka daraja la Kigongo–Busisi kurudi zangu Sengerema.

Fisi wakaja zizini usiku. Nikapiga hewani. Ya kwanza ikalia, ya pili ikalia. Ya tatu ikatoa "pwaa" kama soda inayofunguliwa, moshi kidogo, basi. Kijana wangu anapiga kelele: "Baba, piga tena! Piga tena!" Sikupiga. Niliifungua bunduki, nikamulika tochi kwenye mtutu: giza tupu. Kizibo cha plastiki kimekwama katikati pamoja na gololi zake. Ningemsikiliza mtoto, mtutu ungenipasukia usoni. Ndani ya ganda mlibaki chembe za baruti zimegandamana kama chumvi iliyokaa nje masika.

Hilo ningelisamehe. Unyevu wa ziwa tunaujua sote, na huenda hata stoo yao haikuwa na kosa. Ningerudi kununua.

Ila yule kijana wa kaunta! Nimemwekea ganda mezani, hakulitazama, macho kwenye simu. "Mzee, baruti ni baruti. Zilizobaki zipasue, mpe fundi akujazie risasi za bastola yako. Hutapata hasara."

Nilitetemeka kwa hasira. Shotigani ya geji 12 hutengenezwa kwa shinikizo lisilozidi takriban paundi 11,500 kwa inchi ya mraba; bastola ya milimita 9 hufika 35,000. Baruti nyingi za shotigani huungua upesi, na kiasi kidogo tu hutosha ganda la bastola, kwa hiyo mtu akijaza mara mbili kwa bahati mbaya, jicho halioni. Ni kweli Marekani zipo baruti zinazouzwa kwa matumizi yote mawili, Unique kwa mfano, lakini kopo lina jina na kiwanda kimechapisha vipimo vyake. Hii ya kupasua kwenye risasi ya dukani inaitwaje? Rangi yake haikuambii kitu. Na huyo fundi ana kibali gani, wakati tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi tangu 2015? Mtu anayeuza risasi ndiye ananiambia hivyo!

Zile 22 zilizobaki nimezikabidhi kituo cha polisi. Mwenye duka alinipigia: "Pole sana mzee wangu, njoo nikubadilishie boksi." Sauti yake ilinilainisha, nikamkubalia. Juzi nikaenda. Nimefika mlangoni tu, kijana ni yule yule, kwenye kaunta ile ile, anamhudumia mama mmoja huku anachezea simu. Niligeuza. Boksi lao wakae nalo.