Msuli ukivutika: barafu au maji ya moto?

Kila baada ya mechi za mchangani ubishi ni uleule, huyu anasema weka barafu, yule anasema kanda na maji ya moto. Mi naona uanze kuuliza msuli wenyewe una nini. Kama umechanika, yani nyuzinyuzi zake zimekatika damu inavujia ndani na panavimba, basi siku mbili za mwanzo barafu inashinda, inabana mishipa ya damu na kutuliza maumivu, ila izungushie kitambaa, dakika 15 hivi inatosha. Maji ya moto hapo yanazidisha uvimbe.

Ila shingo ya kulala vibaya, au mgongo uliokaza kwa kukaa kwenye foleni ya Mbagala, nyuzi hazijakatika, zimejikaza tu hazitaki kuachia, hapo joto linaleta damu na zinalegea vizuri sana.

Gharama? Barafu kwa mangi ni rahisi ila umeme ukikatika huipati, maji unachemsha hata kwa mkaa. Mwenye sukari aliyekufa ganzi miguu asijikande na maji ya moto jamani, ataungua bila kujua, na barafu nayo aiogope. Ukisikia "pa!" na kukanyaga huwezi, viache vyote nenda hospitali.