Magazini (kisanduku cha risasi cha bastola) ya risasi 10 au 17 kwa ulinzi wa nyumba Marekani?

Tuanze na sheria. California na New Jersey kikomo ni risasi 10, Colorado 15. Huko ya 17 isahau. Texas haina kikomo.

Kwa bastola ya Glock 17, ya 17 ndiyo ya kiwandani. Faida yake huonekana saa nane usiku, mkono mmoja umeshika tochi: kubadilisha magazini gizani, vidole vikitetemeka, si mchezo. Ya 10 hufaa bastola ndogo, rahisi kushikika. Bei hazipishani sana, na springi za zote huchoka.

Anayeishi apatimenti yenye kuta za jasi ambazo risasi hupenya, majirani upande wa pili, azingatie shabaha kuliko idadi. Wa shambani, polisi wakiwa mbali, ana sababu ya kutaka 17.