Pikipiki kuukuu ya kufufua nyumbani: fungua tanki kwanza, bei baadaye

Mwaka juzi nilinunua Honda CG125 nyekundu kutoka kwa mzee mmoja wa Muheza kwa shilingi 750,000. Rangi ilikuwa inang'aa mpaka nikajiona uso. Mzee akapiga kiki moja tu, ikawaka. "Mwanangu, hii ni Mjapani halisi, siyo hizi za siku hizi," akaniambia, nami nikahesabu pesa huku nacheka peke yangu. Nilipofika Pongwe ikazima. Nikafungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, pale pale kando ya lami, nikakuta unga wa kahawia kama kakao. Nikasafisha, nikafika Tanga mjini. Kesho yake ikazima tena. Nilisafisha ile kabureta mara tano ndani ya wiki mbili kabla ya kupata akili ya kushusha tanki lenyewe. Chini kushoto mlikuwa na bonge la gundi ya chuma ambalo petroli ilishaanza kulilainisha. Nililikwangua kwa bisibisi na matundu matatu yakajitokeza. Nje, juu ya matundu hayo hayo, palikuwa na puti, ule uji wa kuzibia mabonde kabla ya rangi, nene kama ukoko wa wali, kisha rangi ile iliyonipumbaza.

Tangu nianze kufufua hizi pikipiki uani kwangu, watu huniuliza ipi wanunue kama mfuko ni mdogo. Hapa chini nimezipanga kwa kuanzia ninayoipenda. Sitasema kitu kuhusu moshi, tairi, breki wala kilomita (kwenye pikipiki ya miaka arobaini mshale wa kilomita ulishakufa zamani, usiusome). Hayo fundi yeyote wa kijiweni atakuangalizia kwa soda moja. Mimi nina neno moja: tanki.

Sababu yangu ni ya pesa. Injini ikinoki, pistoni na ringi zinatafutika. Waya ukiungua, unavuta mwingine. Lakini tanki la mwaka 1979 lililooza mara nyingi ni lile lile moja duniani kwa pikipiki yako, na ndilo uso wa pikipiki. Hata ukiitengeneza kwa mtindo wako, kiti kifupi, mkono wa chini, taa ya duara, mtu akisimama kutazama anatazama tanki.

Sisi wa pwani ndio tunaoumia zaidi. Pikipiki ikiachwa na petroli nusu, ile nusu ya juu ni hewa, na hewa yetu ina maji. Usiku bati linapoa, unyevu unaganda ndani kama matone kwenye kifuniko cha sufuria, unateremka chini. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanakaa sakafuni. Mrija wa koki, yaani bomba la kufungulia petroli, nao umesimama juu kidogo ya sakafu, kwa hiyo hata ukiendesha mpaka rizevu, yale maji hayatoki yote. Sasa ongeza stendi ya pembeni: pikipiki inalala kushoto miaka na miaka. Ndiyo maana pembe ya chini kushoto huoza kwanza. Nimeshusha matanki tisa mpaka leo na saba yalianzia hapo.

Ukifika kwa muuzaji, fanya hivi kabla hajapiga kiki. Fungua kifuniko, washa tochi ya simu (tochi ya simu, siyo kiberiti, na mwenye sigara akae mbali). Kutu ya rangi ya chungwa, nyepesi kama vumbi, inatibika. Kutu nyeusi yenye magamba ni habari nyingine. Ukiona ndani kunang'aa kama kumepakwa plastiki, uliza kwa nini kulipakwa. Kisha chukua chupa tupu ya maji inayoonyesha, fungulia koki uijaze nusu, uiweke juu ya jiwe mkiendelea na maongezi. Baada ya dakika kumi, kama maji yapo, utayaona yamejitenga chini ya petroli na uchafu wa kutu umetulia chini kabisa. Mwisho toa sumaku ndogo, ile ya spika iliyokufa inatosha, uifunge kwa kitambaa usikwaruze rangi, uipitishe tumboni mwa tanki. Isiposhika, hapo ni puti. Nyumba njema si mlango. Wahenga walikuwa hawajaona CG125 lakini waliijua.

Muuzaji akikataa chupa au sumaku, ondoka. Usibishane naye.

Ya kwanza: Honda CG125

Najua, ndiyo iliyoniliza. Bado ni ya kwanza na itabaki ya kwanza, na anayetaka kunishawishi kuhusu Yamaha apeleke kwingine.

Honda waliitoa miaka ya sabini kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako mtu anasahau kubadilisha oili na barabara ina vumbi. Wakaacha cheni ya ndani inayoendesha vali juu ya silinda, wakaweka fito za kusukuma vali, kitu cha kizamani lakini kinachovumilia mateso. Cheni ya nyuma wakaifunika kwenye boksi la bati. Wachina walipoanza kutengeneza pikipiki za bei nafuu, injini waliyoiiga sana ni hii. Kwa maana hiyo, bodaboda nyingi zinazopita mbele ya nyumba yako ni wajukuu zake, na duka la spea la bodaboda ni duka lako. Klachi, gasketi, kabureta, fito za vali, vyote utavikuta. Pakistani nako wameendelea kuiunda miaka mingi baada ya Japani kuacha, hivyo hata tanki jipya la umbo lile lile linapatikana ukivumilia kutafuta. La kopi ya Kichina nalo hukaa, ingawa mara nyingi utakunja mabano ya nyuma.

Angalia tu kama ni ya volti 6 au 12. Za mwanzo ni za 6: taa yake ni kama kibatari, na balbu zake ni za kutafuta kwa tochi. Ya 12 ikipatikana, chukua hiyo.

Ya pili: Yamaha AG100

Hii ndiyo ya mabwana shamba na miradi ya wafadhili, ile uliyokuwa unaiona ina namba za DFP, ina keria mbele na nyuma, na stendi ya pembeni pande zote mbili. Hizo stendi mbili si urembo: mtu akibadilisha upande wa kuegesha, maji hayakai pembe moja. Nimefungua mbili tu, zote sakafu ilikuwa na kutu nyepesi iliyoenea, hakuna tundu. Nitaipa alama kwa hilo hata kama si Honda.

Ubaya wake ni injini ya mipigo miwili, inayokunywa oili pamoja na petroli. Oili ina kitanki chake na pampu ndogo inayoisukuma. Nunua ukijua kwamba pampu hiyo ikiziba, pistoni inashika ukiwa mwendoni. Wengi wameing'oa pampu wanachanganya oili kwa kukadiria na kizibo cha soda. Ukikuta pampu haipo, punguza bei sana au iache.

Ya tatu: Honda CT110 na ndugu zake C70 na C90

Klachi yake inajiendesha yenyewe, injini imelala, petroli inanusa tu. Mama yeyote anaweza kuipanda na gauni. Lakini tanki liko chini ya kiti, na kiti kikichanika mvua inaingia moja kwa moja juu ya kifuniko. Hakuna anayeliona, kwa hiyo hakuna anayelitunza. Inua kiti mwenyewe, usisubiri uinuliwe. Faida ni kwamba ni dogo na halionekani, unaweza kulitia kiraka kibaya na pikipiki ikabaki nzuri.

Ya nne: Vespa

Kwa wa Unguja hii ingekuwa ya kwanza na sitaki ugomvi na shemeji zangu. Vespa PX ni nzuri kutazama, na Bajaj Chetak ya India ni binamu yake kwa mtu asiye na pesa ya PX. Tatizo ni kwamba Vespa haina fremu ya mabomba. Bati la mwili ndilo fremu. Yale niliyosema kuhusu tanki, hapa yaseme kuhusu pikipiki nzima. Inua mkeka wa miguu, bonyeza sakafu kwa kidole gumba. Ikibonyea, unanunua bati la kuchomelea lenye injini.

Ya tano: Honda XL za zamani

Hizi ni zile ndefu za njia za porini. Nazipenda kwa macho. XL250S ya mwaka 1978 ina tairi la mbele la inchi 23, na mimi sijawahi kuingia duka la matairi Tanga nikataja inchi 23 wasicheke. XL125 ina nafuu. Tanki zake ni za bati zuri, lakini likioza hakuna la kopi.

BSA na Triumph za mkoloni muachie mwenye pensheni nono. Hata spana zako za milimita hazitaingia.

Kuna watakaosema, si ununue bodaboda chakavu ya Kichina uikate, uigeuze ya mtindo? Nunua. Ni rahisi, na ukiiharibu hutalia.

Wauzaji sasa

Kuna kitu kimeingia miaka ya karibuni. Pikipiki iliyokuwa inalaliwa na kuku nyuma ya nyumba, mwenye nayo akikuona umesimama dakika mbili, inaitwa "klasiki" na bei inaruka ukuta. Mmoja alinitajia milioni mbili na nusu kwa CG isiyo na tanki kabisa. Nikamuuliza tanki liko wapi, akasema, "Dada, hilo utaweka unalotaka, si mnapenda kubuni?"

Na spea nazo. Nilifunga safari mpaka Kariakoo kutafuta koki ya mafuta ya CG. Duka la kwanza wakanipa moja ya shilingi 8,000, duka la pili wakanipa "orijino" ya 45,000, boksi lina herufi za Kijapani. Nikaziweka sambamba kwenye kiganja: chuma kile kile, alama ya kalibu ile ile, hata kwaruzo liko mahali pamoja. Nilipomwonyesha kijana wa duka akasema boksi ndilo orijino. Angalau alikuwa mkweli.

Ukishalinunua lenye kutu nyepesi

Shusha tanki, toa koki, ziba tundu. Tia konzi mbili za kokoto kali au kipande cha cheni na maji ya sabuni, tikisa mpaka mikono ikuume, mwaga. Kisha jaza siki nyeupe, acha siku mbili. Ukimwaga siki, suuza haraka kwa maji ya magadi ili kuua asidi, la sivyo kutu inarudi kabla hujamaliza chai. Kausha kwa upepo wa pampu au juani, na papo hapo paka oili ndani.

Kwa kutu ngumu mimi hutumia umeme: tanki limejaa maji yenye magadi, chaja ya betri ya volti 12, waya wa hasi kwenye tanki, wa chanya kwenye nondo ya kawaida iliyoning'inia ndani bila kugusa bati. Usitumie chuma kisichoshika kutu kama cha vijiko, kinatoa sumu kwenye maji. Na fanya nje, maana mapovu yanayopanda ni haidrojeni. Zima chaja kwanza ndipo uguse waya.

Tundu likiwepo, ni la kuchomelea, siyo la gundi. Ila tanki lililokauka petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ya mvuke. Lioshe kwa sabuni na maji ya moto mara kadhaa, halafu lijaze maji mpaka karibu na tundu kabla fundi hajawasha moto. Fundi akikuambia "hakuna shida, nimezoea", chukua tanki lako.

Rangi: kopo la kupuliza la bei rahisi linayeyuka petroli ikimwagika kidogo tu sheli. Lipa mpiga rangi wa magari apige ya kuchanganya na kikaushio. Mimi nilipiga kopo mara mbili kabla ya kukubali. Na ukibadilisha rangi au injini, kadi nayo ibadilishwe; trafiki ataisoma kadi, hataangalia jinsi mistari yako ilivyonyooka.

Jumamosi hii naenda Korogwe kuangalia AG100. Mwenye nayo amenipigia kusema ufunguo wa tanki ulipotea na kifuniko kimekwama, lakini nisijali, ndani ni safi. Nimemwambia amtafute fundi wa kufuli kabla sijafika, vinginevyo sipandi basi.