TAHADHARI: wastaafu mnaotafuta kombi ya zamani ya kusafiria, kuna muuzaji anauza rangi na mapazia

Jamani naomba msome hii mpaka mwisho, hasa kama nyumbani mna mzee kastaafu juzijuzi na anaongelea kununua kombi ya zamani yenye kitanda na jiko ndani azunguke na mke wake barabara ya pwani. Kuna muuzaji anawawinda watu hawa hawa na anajua anachofanya, anajua wana kiinua mgongo mkononi, wana muda, na gari hiyo wameitamani tangu ujanani. Kawauzia wazazi wangu kimeo kilichopigwa rangi ambacho kingeweza kuwaunguza wakiwa wamelala.

Kwa picha utaipenda tu. Volkswagen ya kizazi cha pili, zile zenye kioo kimoja kipana mbele zilizotengenezwa Ujerumani kuanzia 1967 mpaka 1979, rangi mbili, zulia jipya, viti vimeshonwa upya. Na jamaa ana maneno matamu, mzee ni "mzee wangu", mama anaambiwa "mama hii ukilala humu unasikia mawimbi", na kila wakiuliza habari za uvunguni yeye anarudi kwenye mapazia. Walipofika kuiona injini ilikuwa tayari ina moto. Hilo lishikeni sana. Injini za hizi kombi zinapozwa na upepo, hazina rejeta, na ubovu wake mwingi unajionyesha wakati wa kuwasha asubuhi ikiwa ya baridi, inagoma kuwaka, inatoa moshi, vyuma vinagonga. Mtu akiipasha kabla hujafika ujue kuna kitu hataki ukione. Mwambie mapema kwenye simu kwamba utaiwasha mwenyewe ikiwa ya baridi, ukifika gusa injini, ukikuta ina joto ondoka au kaa usubiri ipoe kabisa.

Safari walianza vizuri tu. Kisha mama akaanza kusema anasikia harufu ya petroli nyuma, muuzaji akapigiwa simu akajibu gari za zamani zote ziko hivyo, wasiwe na wasiwasi. HAPANA. Hakuna gari ya mwaka wowote inayotakiwa kunuka petroli ndani. Namshukuru Mungu mzee hakusikiliza hilo jibu, akaegesha, akazima, wakashuka wote wawili na kutafuta fundi. Fundi alipofungua nyuma akashika mpira wa petroli, ule mwembamba wenye uzi wa kitambaa kwa nje, akaukunja kidogo tu, ukavunjika kama biskuti. Kwenye maungio kulikuwa kumelowa, na waya wa umeme unapita hapo hapo. Mipira ile ni ya miaka mingi, na petroli ya siku hizi ambayo inachanganywa na ethanoli inaila haraka zaidi mipira ya zamani. Sasa fikirieni, kitanda cha kombi kiko juu ya injini, na bloku ya hiyo injini imetengenezwa kwa aloi ya magnesi, ikishika moto inawaka mweupe mkali na ukimwagia maji ndo unauchochea. Mipira ya petroli ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye gari ile! Mtu aliyeweza kununua mapazia angeweza kununua na mipira. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Baada ya hapo fundi akasema ngoja tuangalie yote, ikapandishwa. Jamani kutu. Zile boksi za chini ya milango, ambazo ndo zinashikilia bodi nzima maana kombi haina chesisi ya kujitegemea kama lori, zilikuwa zimejazwa puti, ile plasta ya kuzibia mabati ambayo sumaku haiishiki, na kupigwa lami nyeusi juu yake. Fundi akaweka sumaku, kwenye mlango ikang'ang'ania, akaishusha kwenye boksi ikadondoka yenyewe, akarudia sehemu nyingine ikadondoka tena. Akachomeka bisibisi ikazama yote na ukatoka unga wa kahawia. Sehemu ya kuwekea jeki upande wa kushoto ilikuwa puti tupu, yaani siku tairi inapasuka barabarani huna pa kuinulia gari. Na hii ndo gari inauzwa kwa watu wanaokwenda kulala kando ya bahari, kwenye hewa ya chumvi ambayo inakula chuma usiku na mchana. Kwa hiyo sumaku ndogo ya bei rahisi nendeni nayo mfukoni, ifunge kitambaa isikwaruze rangi, pita nayo chini ya milango, kwenye kingo za bodi juu ya matairi ya mbele, chini ya betri, kuzunguka kioo cha mbele. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Huyu wetu alipoulizwa kama fundi anaweza kuja akasema kuna mteja mwingine anakuja jioni.

Jambo la gesi nalo msilipite. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini, ndio maana kwenye gari za kulala panawekwa tundu sakafuni karibu na mtungi ili itokee nje. Lile zulia jipya zuri lilikuwa limelifunika tundu lote na gundi juu. Na jiko likiwashwa madirisha yamefungwa linaweza kutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu, hiyo haina harufu, mtu analala haamki. Kifaa cha kuitambua kipo na hakina ufundi, kinabandikwa tu, nunueni hata kama gari ni mpya.

Matairi yalikuwa yanang'aa, kashata zote (yale meno ya tairi) zipo, ila pembeni ya tairi baada ya herufi DOT kuna tarakimu 4 za mwisho, 2 za kwanza ni wiki na 2 za mwisho ni mwaka, mfano 1109 ni wiki ya 11 ya mwaka 2009. Ya wazazi wangu yalikuwa ya zamani mno, yana nyufa ndogondogo zimezibwa na ile dawa ya kung'arisha.

Upande wa makaratasi: risiti ilikuwa na jina la mtu mwingine, na mkataba una mstari mmoja mdogo unaosema mnunuzi ameikagua na kuridhika nayo ilivyo. Mstari huo ndo anajikinga nao sasa. Usisaini kama hujakagua, na ukiweza andikisha kwenye mkataba yale aliyokuahidi kwa mdomo, kwamba breki zimetengenezwa lini, mipira imebadilishwa lini. Namba ya chesisi isome kwenye gari lenyewe, imegongwa kwenye bati ndani ya chumba cha injini, ilinganishe na kadi, ukiona bati lina welding mpya kuzunguka namba usiendelee. Na kuna wengine hata gari hawana, wana picha tu za kuiba na hadithi ya mwenye gari yuko nje ya nchi, tuma advansi tutakusafirishia. Hao msijibu kabisa.

Sisi tumeshapeleka polisi meseji zote, mkataba, risiti, na maelezo ya fundi yenye picha na saini yake. Kama umeshauziwa usianze kuitengeneza kabla ya kupiga picha kila kitu, na usikubali kuongea na muuzaji kwa simu, muandikie tu ili majibu yake yabaki. Tangazo lake lipo tena, kabadilisha namba na picha ni za kombi nyingine, lakini maelezo ni yale yale neno kwa neno, "imetunzwa na mzee mmoja, imelala gereji miaka yote, inafaa sana kwa wastaafu". Mkiyakuta hayo ombeni ipandishwe jeki mbele yenu kabla ya kuongea bei. Akikataa, mpigieni na jirani anayetafuta gari kama hiyo mumwambie.