Niliambiwa nikasome kwenye simu

Naandika hasira haijanitoka, mnivumilie.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nakaa Ngamiani. Shida iliyonipeleka maktaba ilikuwa ndogo: makala moja kuhusu silikanti. Samaki huyu amekuwa akinaswa kwenye majarife ya wavuvi wetu tangu miaka ya mwanzoni ya 2000, na tangu 2009 tunayo hifadhi ya bahari yenye jina lake hapa hapa Tanga, lakini wanafunzi wangu wanamjua kwa kusikia tu. Nilikumbuka niliwahi kuisoma makala hiyo kwenye maktaba ya chuo kimoja mjini, katika jarida la samaki linalotoka nje. Nikapanda baiskeli yangu.

Rafu ya majarida nikaikuta tupu. Kwenye mbao zimebaki alama tu: mstari wa vumbi, mahali peupe, mstari wa vumbi, kila juzuu ilipokuwa imesimama miaka yote.

Nikamwendea bwana wa mapokezi, nikamsalimu. Aliitikia macho yakiwa kwenye simu. "Mwalimu, mambo ya makaratasi yameisha. Yote yako mtandaoni." Nikauliza, nayapataje huko mtandaoni? Akasema, "Kwani hiyo simu yako ni ya kupigia tu?"

Nimejibiwa ovyo na watoto wa kidato cha pili sijui mara ngapi, lakini hili lilinichoma. Pembeni palikuwa na kompyuta ya kutafutia vitabu. Nikaandika ile namba ya jarida yenye tarakimu nane, ISSN, niliyokuwa nayo kwenye daftari. Haipo. Usiku nyumbani nikajaribu kwa bando langu, mchapishaji akataka zaidi ya dola 30 kwa makala moja. Moja! Ningeandika usiku ule, ningewapa sifuri.

Nashukuru sikuandika, maana wiki nyingine nilirudi mchana nikamkuta binti mmoja zamu yake. "Shikamoo mwalimu, vuta kiti." Akanieleza kwamba jarida lile halichapwi tena, na toleo la mtandaoni lina ISSN yake nyingine. Namba yangu ilikuwa ya karatasi, na wao walipoifuta hakuna aliyeandika kwamba jarida linaendelea kwa namba mpya. Kumbe pia chuo kimo kwenye mpango wa Research4Life, ambapo taasisi za nchi kama yetu hufunguliwa majarida ya kitaaluma bila malipo. Nenosiri wanalo wao. Yule bwana alikuwa amekaa juu yake!

Dakika tano hazikufika, makala hii hapa. Nikaikuza picha mpaka nikaona pezi linavyoshikwa na kile kikonyo chake kinene chenye nyama, kitu ambacho kwenye karatasi kilikuwa kivuli cheusi. Kwa hiyo nasema kwa haki: mtandao haukunikosea kitu. Tangazo la mistari mitatu likibandikwa kwenye ile rafu tupu lingenitosha. Nilitoka nikiwa nimeshawasamehe.

Halafu nikapita korido ya kuelekea chooni. Juzuu zetu zimerundikwa chini, zimefungwa mafungu mafungu kwa kamba ya katani, za juu zimeloa mvua iliyoingia dirishani. Nikarudi kwa binti, tukaangalia pamoja: miaka tuliyofunguliwa mtandaoni inaanzia mbele, ile ya nyuma iko kwenye yale mafungu tu. Hakuna aliyelinganisha kabla ya kuzitoa. Karatasi uliyokwisha kuinunua ni mali yako, hata umeme ukikatika. Hii ya mtandaoni tumepangishwa tu, na mwenye nyumba yuko mbali. Unawezaje kutupa nyumba yako kabla hujausoma mkataba wa kupanga?

Basi msamaha nimeufuta. Mkienda, ulizieni binti wa zamu ya mchana, yeye ni mkutubi hasa. Yule bwana msimuulize kitu.

Nilipeleka barua kwa mkuu wa maktaba nikiomba juzuu zile zisitupwe, na kama nafasi hawana, wanipe mimi nikaziweke shuleni. Juzi nimepita tena koridoni. Nimekuta kamba za katani zimekatwa, ziko sakafuni. Juzuu hazipo.