Nilivyohama kutoka MT kwenda AT: uzoefu wangu wa matairi ya 4x4

Seti yangu ya kwanza ya matairi ya porini niliichagua kwa macho. Yalikuwa MT, yaani ya matope, kashata (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara) kubwa kama matofali zimepanda mpaka ubavuni. Gari lilipovishwa nililizunguka mara tatu kabla ya kuingia ndani. Sikuuliza swali hata moja la maana, nilikuwa nimeshapenda.

Siku ya tatu nikaanza kuelewa nilichonunua. Mwendo wa 60 yanaanza kuvuma, ukifika 90 abiria wa nyuma anakuuliza mara mbili ulichosema. Nafasi kati ya kashata ni pana, kwa hiyo kila kashata ikigonga lami inabana hewa na kuiachia, na hiyo ndiyo kelele unayoisikia. Nafasi hizohizo ndizo zinazotema matope gurudumu likizunguka, kwa hiyo huwezi kutaka moja ukaikataa nyingine.

Kelele ningeizoea. Kilichonishinda ni lami iliyolowa. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha muda si mrefu, nikawa nakata kona ambayo nimeikata mamia ya mara, mwendo wa kawaida kabisa, mara nikahisi nyuma ya gari inaniaga. Ilirudi, lakini mikono ilibaki inatetemeka mpaka nafika. Baadaye nilichutama nikayatazama yale matairi vizuri: mpira unaogusa barabara ni mchache, na juu ya kashata hakuna ile michano midogo inayong'ata lami yenye maji.

Nisiyaonee. Kwenye tope la kweli, lile linalofika kwenye rimu, yalinitoa pahali ambapo nilishaanza kutafuta mtu wa kunivuta. Ila nikakaa nikahesabu safari zangu bila kujidanganya: katika kila kilomita kumi, saba ni lami, mbili ni changarawe au vumbi, na moja tu ndiyo ya kupigania. Nilikuwa nanunua tairi la ile kilomita moja na kuteseka zile tisa. Nikayauza, nikachukua AT, yaani ya njia zote, lami na porini.

Safari hii nilisoma ubavu kabla ya kutazama kashata. Gari langu linatumia 265/70R17: upana milimita 265, kimo cha ubavu asilimia 70 ya upana huo, rimu ya inchi 17. Muuzaji alinishawishi sana nipande kwenye 285/70R17, eti gari litainuka. Piga hesabu. Tairi zima linaongezeka kama milimita 28 kwenda juu, lakini nusu yake tu ndiyo inayoinua gari, yaani milimita 14, upana wa kidole. Kwa kidole hicho ungeanza kusugua madigadi kila ukikata usukani mpaka mwisho, na dashibodi ikisema 100 wewe unakwenda 103 na kitu. Nilibaki na saizi yangu, sijajuta hata siku moja.

Nilichobadilisha ni uzito wa kubeba. Matairi yaliyokuja na gari yaliandikwa 115, maana yake kila moja linabeba kilo 1,215. Haya mapya ni LT, yaani yametengenezwa kwa magari mepesi ya mizigo, yameandikwa 121/118S, yaani kilo 1,450 kwa tairi moja (118 ni ya magari yenye matairi mawili mawili nyuma, haituhusu), na S ni mwendo wa mwisho wa kilomita 180 kwa saa. Ubavu wake ni mgumu kuukunja hata kwa goti. Hilo ndilo nililokuwa nalilipia, kwa sababu pancha ya katikati ya kashata fundi anaiziba na safari inaendelea, lakini ubavu ukichanwa na jiwe hakuna kiraka cha kuaminika. Ni la kutupa.

Gharama yake ni uzito. Nilipima la zamani na jipya kwenye mizani ya nyumbani nikakuta tofauti inayokaribia kilo tano kwa kila gurudumu. Gari linachelewa kidogo kuchanganya, mafuta yanaongezeka kidogo, na likiwa tupu linarusha rusha kwenye mashimo madogo. Ukiwa mtu wa mjini tu, mzigo wako ni begi la kompyuta, achana na LT, unajitesa bure.

Kitu kingine: tarehe. Baada ya herufi DOT kuna mlolongo unaomalizikia na tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Nilinunua matano mwanzoni mwa 2024. Manne yalisoma 3523, wiki ya 35 ya 2023. La tano, ambalo lilikuwa liwe spea, lilisoma 0820, wiki ya 8 ya 2020, yaani lilikuwa na karibu miaka minne. Yote yaling'aa sawasawa, yote yalikuwa na vile vinywele vya mpira. Nikalirudisha palepale, na nililetewa jingine bila ubishi, jambo lililonifanya nidhani wanajua fika wanachofanya.

Sasa upepo. Hapa ndipo nilipoona nimepoteza miaka. Nilikuwa naendesha kila mahali kwa upepo uleule wa lami, halafu nalaumu tairi. Mara ya kwanza nimezama kwenye mchanga na haya AT, nilizima gari, nikashuka na kipima upepo, nikaanza kupunguza kutoka PSI 36 mpaka 18 (PSI ndicho kipimo cha upepo wa tairi). Unaliona tairi linatulia, tumbo linatoka kidogo, na alama yake mchangani inarefuka kwenda mbele na nyuma. Nikaingia, gia ya chini, gari likatoka polepole kama vile halikuwahi kukwama. Kwenye changarawe nabaki kwenye 28 hivi, na meno hayagongani tena. Chini ya 15 siendi, maana kona moja kali inatosha kulivua tairi kwenye rimu. Na ukirudi lami jaza kwanza ndipo ukimbie, tairi laini kwenye mwendo mkubwa linachemka kutoka ndani. Kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri ni kitu cha lazima, inunue pamoja na matairi.

Nimeshatembea kilomita 31,000. Yalianza na kina cha milimita 13, sasa yanasoma 8 na nusu, tena karibu sawa yote, kwa sababu kila kilomita 8,000 nayazungusha yote matano, spea ikiwemo. Kwa gari ambalo magurudumu manne yanasukuma muda wote, spea mpya kabisa kando ya matairi yaliyolika ni kuitafutia ugonjwa difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu. Pancha nimepata moja, msumari. Ubavuni kuna kovu moja refu la jiwe ambalo kidole kinalisikia lakini halikufika ndani.

Malalamiko ninayo. Udongo wa mfinyanzi uliolowa unajaza njia zake zote, na baada ya mizunguko michache unaendesha tairi kipara; siku hiyo niliyakumbuka MT kwa machungu. Kelele ipo, ndogo, na imeongezeka kidogo tangu yapite kilomita 20,000. Halafu mawe. AT inapenda kubeba kokoto kuliko tairi lolote nililowahi kuwa nalo, ukipanda lami zinagonga tik tik tik mpaka unadhani kuna nati imelegea. Bisibisi bapa sasa inakaa kwenye mfuko wa mlango. Jana nimetoa kumi na moja kwenye tairi moja.