Samansi imerudi, mdaiwa hapatikani: uzoefu wangu na wapeleka samansi wawili

Katika kesi yangu moja ya madai nimewatumia wapeleka samansi binafsi wawili, yaani watu wa kulipwa wanaomfikishia mdaiwa wito wa mahakama. Wa kwanza alinipotezea wiki sita. Wa pili hakumkabidhi mdaiwa hata karatasi moja mkononi, na bado ndiye aliyeiokoa kesi. Naandika kwa ajili ya yeyote ambaye samansi yake imerudi masjala ya mahakama na maneno "hajapatikana", akadhani safari imeishia hapo. Haijaishia.

Mdaiwa alikuwa mbia wangu wa biashara. Tuliachana vibaya, akabaki na fedha zangu, na nilipofungua kesi akaacha kupokea simu. Nyumbani kwake palijulikana. Shida ilikuwa kumpata yeye mwenyewe.

Mpeleka samansi wa kwanza nilimchagua kwa sababu ya unafuu. Alileta kiapo cha maandishi cha mstari mmoja: alifika nyumbani kwa mdaiwa mara kadhaa, hakumkuta. Wakili wangu akaomba ruhusa ya kumfikishia mdaiwa hati kwa njia mbadala. Hakimu alikisoma kile kiapo akauliza: mara kadhaa ni mara ngapi? Siku zipi? Saa ngapi? Aliongea na nani? Hatukuwa na jibu, na ombi likakataliwa.

Jioni hiyo yule mpeleka samansi akanipigia simu. "Dada, nikiandika kwamba nilimpa akakataa kusaini, nani atajua?" Nilikataa, na nakusihi na wewe ukatae. Kuapa uongo ni kosa la jinai. Isitoshe, hukumu iliyotolewa upande mmoja hutenguliwa mdaiwa akionyesha kwamba hakupewa taarifa, nawe unarudi mwanzo huku mahakama haikuamini tena. Na hata kama sheria isingesema lolote, mtu aliyenidhulumu bado ana haki ya kujua kwamba ameshtakiwa. Sikutaka kushinda kwa kumficha.

Wakati huo siku za samansi zilikuwa zinakwisha. Hili wengi hawaambiwi: samansi ina muda wake wa kuishi, na maombi ya kuongezewa muda hupelekwa kabla haujapita. Tuliwahi kwa siku chache tu.

Wa pili alianza kwa kunihoji mimi. Alitaka picha ya mdaiwa, namba za gari lake, anakofanya kazi, saa anazotoka, ndugu anaoishi nao. Kisha akaenda mara nne, kila mara siku na saa tofauti: alfajiri, mchana, usiku, na Jumamosi. Kiapo chake kilikuwa na kurasa tatu. Aya moja naikumbuka hadi leo: Jumanne, saa 12:40 asubuhi, geti limefungwa kwa ndani, gari la mdaiwa liko uani, nimegonga mara tatu, pazia la dirisha la kushoto likasogezwa na kurudishwa, nimesubiri dakika 20, hakuna aliyetoka.

Jumamosi alitoka msichana wa kazi, akasema baba amesafiri. Nilimuuliza mpeleka samansi kwa nini hakumwachia msichana hati. Akanieleza kwamba mahakama nyingi hukubali hati iachwe kwa mtu mzima wa familia anayeishi na mdaiwa, lakini sheria za nchi kadhaa zinasema wazi kwamba mtumishi wa nyumbani hahesabiwi kuwa mwanafamilia. Angemwachia, mdaiwa angekuwa na pa kushikia. Hapo ndipo nilipojua kwamba fedha yangu haikupotea. Nilikuwa nalipia rekodi ambayo hakimu angeweza kuitegemea, kwa sababu njia zote mbadala husimama juu ya ushahidi kwamba ile ya kawaida ilijaribiwa kwa dhati.

Na njia ni kadhaa, ila si zote zenye uzito sawa. Kuna kubandika mlangoni na kwenye ubao wa mahakama, barua ya rejista, barua pepe, ujumbe wa simu, tangazo la gazetini. Mimi nilidhani gazeti ndilo rahisi na la uhakika. Wakili akanirekebisha: hilo ni la mwisho, pale ambapo hujui kabisa mtu aliko. Alinitajia kesi ya Mullane ya mwaka 1950, ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani iliona kuwa ni bahati tu inayomfanya mtu aone tangazo la herufi ndogo kwenye kurasa za nyuma za gazeti, hivyo anayejulikana anwani yake atafutwe kwa njia yenye nafasi halisi ya kumfikia. Njia za mtandao si kioja tena: mwaka 2008 mahakama moja ya Australia iliruhusu hukumu ifikishwe kwa Facebook.

Pakazuka uvumi kwamba mdaiwa amehamia nje ya nchi. Ingekuwa kweli, tungeangalia kwanza kama nchi hiyo imo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1965, ambao hupitisha hati kwenye mamlaka kuu ya nchi aliko mdaiwa. Ila mkataba huo hautumiki ikiwa anwani yake haijulikani. Lile gari uani lilituondolea wasiwasi huo.

Kwenye ombi la pili tuliambatanisha kile kiapo pamoja na picha za mazungumzo yetu ya WhatsApp, zikionyesha kwamba namba yake iko hai na ujumbe wangu wa wiki ileile ulisomwa. Hakimu hakuuliza swali hata moja. Aliamuru hati zibandikwe getini na kwenye ubao wa mahakama, na nakala itumwe kwa WhatsApp.

Huyu wa pili nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeipunguza kwa sababu alikuwa mzito wa kutoa taarifa. Kuna juma zima nilikaa bila kujua kama ameenda au la, na kwa mtu mwenye samansi inayokaribia kuisha muda huo ni mateso. Gharama yake pia ilikuwa juu, karibu mara mbili ya yule wa kwanza. Muulize mapema kama bei inahusu safari moja au zote, na omba akuonyeshe mfano wa kiapo alichowahi kuandika, majina yakiwa yamefutwa.

Hati zilibandikwa asubuhi, mbele ya shahidi, zikapigwa picha. Tiki mbili za buluu zilitokea saa mbili usiku. Siku ya kumi na moja wakili wa mdaiwa aliwasilisha utetezi masjala.